Taa ya Kijani Ilisema Ndiyo

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Baba yako hakuruka kitu. Kile kifaa nilichosema mbele ya watu kwamba alikiacha kwa uvivu hakikuwepo kwenye mchoro, na mchoro niliuchora mimi. Nimekuficha hilo tangu ukiwa mtoto wa shule ya msingi. Mama yako nilimficha mpaka tukamzika.

Sasa nikusalimu. Nimeanza kinyume kwa makusudi, maana najijua: ningeanza na salamu, karatasi ingejaa habari za kikohozi changu na ukali wa shangazi yako, kisha ningetia sahihi na kwenda kulala. U hali gani? Mumeo hajambo? Na yule bibi mdogo, meno ya mbele yameota? Hapa tupo. Simu siiwezi tena, pumzi zinakatika katikati ya neno, ndiyo maana naandika. Shangazi yako ananiamuru kama askari wa zamu. Juzi ameninyang'anya chumvi mbele ya mgeni. Daktari ameacha kuniambia nitapona. Siku hizi ananiuliza tu kama napata usingizi.

Wewe ni fundi wa mashine za hospitali na haya unayajua, lakini nitayaeleza polepole kama darasani, ili nisijiachie pa kujificha.

Unakumbuka chuoni waliniita Mwalimu Taa. Kila chipu niliyoiweka kwenye ubao wa mazoezi, niliunganisha taa ndogo ya LED moja kwa moja kwenye mguu wake wa kutolea jibu. Sikuweka transista, kile kifaa kidogo cha kubeba mzigo wa taa badala ya chipu, wala hata rezista ya kupunguza umeme. Chipu zile zilikuwa na nguvu kidogo, hazikuweza kuiunguza taa, kwa hiyo iliwaka vizuri na mwanafunzi akaona kwa macho yake: imewaka, jibu ni ndiyo, imezima, jibu ni hapana. Watu walitoka vyuo vingine kuja kuona. Na darasani halikuwa kosa, kwa sababu ule mguu haukuwa na kazi nyingine. Ukishawasha taa, umemaliza.

Kisha mwenye kiwanda cha uchapaji, pale mama yako alipokuwa mkataji wa daftari, akaniomba nimbunie paneli ya usalama kwa mashine ya kukatia karatasi. Kisu kikiwa juu na breki imeshika, chipu ya kwanza iseme ndiyo. Jibu hilo la ndiyo liende sehemu mbili: kwenye taa ya kijani, ili mkataji aione, na kwenye chipu ya pili, ambayo kazi yake ni kukataza kisu kisishuke. Nilichora kama nilivyozoea kuchora ubaoni. Taa moja kwa moja kwenye mguu, na kutoka mguu huohuo waya wa kwenda chipu ya pili. Baba yako akaijenga kama ilivyochorwa, waya kwa waya.

Mengine unayajua. Taa ilikuwa inawaka kijani, kisu kikashuka, na mkono wa kulia wa mama yako ukaishia kwenye kifundo. Kwenye kikao cha uchunguzi nilisimama nikasema, "Mchoro wangu ulikuwa na transista. Fundi aliiruka." Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mwalimu alikuwa amesema.

Lilikuwa kosa la mazoea, mwanangu. Nakuomba uniamini katika hilo. Na nakuomba umtafute baba yako kabla sijaondoka.

Ni mimi baba yako mkubwa.


Tarehe 30 Machi

Mwalimu,

Salamu. Sisi wazima. Mtoto ameota meno. Mume wangu anakusalimu. Sijamwambia kitu bado, kwa hiyo salamu zake ni za kweli. Msalimie Shangazi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilikumbuka siku ya harusi yangu. Nadhani nawe unaikumbuka. Baba alikuja akasimama getini na shati lake jipya lenye mikunjo ya dukani, halijapigwa hata pasi. Mtoto wa jirani akaja kuniambia, "Kuna mzee anasema ni baba yako." Wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu, umenishika mkono, tayari kunitoa. Nikasema kwa sauti ili asikie, "Mwambieni hatuna redio ya kutengeneza." Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Nikadhani ni ustaarabu wako, nikakupenda zaidi kwa hilo.

Ulikuwa na mdomo siku ile, Mwalimu. Ulikuwa na mdomo miaka yote niliyokaa mezani kwako nikimwita baba yangu "yule fundi", na ukanisogezea mkate.

Mama alikufa akiamini alikatwa mkono na uvivu wa mume wake. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto ili aniandikie, na katika kila aliloniandikia hakuna hata mara moja alipomtaja baba kwa wema. Hilo nalo ulilisoma. Ulikuwa ukimsahihishia herufi.

Sasa niende kwenye kazi, maana huko ndiko ulikonifundisha kusema bila kupayuka.

Kazini tuna droo ya vifaa vya zamani. Nimepata chipu za aina ileile. Nimeijenga paneli yako mezani: volti tano, taa ya kijani juu ya mguu, waya wa kwenda chipu ya pili. Taa imewaka vizuri kabisa. Mwanafunzi wangu wa mafunzo akasema, "Mama, imekubali." Nikagusa ule mguu kwa mita. Volti mbili na kidogo. Taa imeuvuta umeme chini, na chipu ya pili haiwezi kuwa na hakika ya ndiyo mpaka ipate tatu na nusu. Ikipata mbili na kidogo inakisia. Ukigonga meza inabadilisha mawazo. Taa inamwambia mkataji kisu kimefungwa, na aliyepewa kazi ya kukifunga hajasikia vizuri alichoambiwa.

Kwa hiyo nakubali kwamba mchoro ulikuwa mbovu. Ila kuna kitu hakiniingii akilini. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine haiwashwi mpaka mita imepita kila mguu. Ulinirudisha nyumbani siku nzima kwa kuwasha redio kabla ya kupima. Mtu yeyote ambaye angeugusa mguu ule kwa mita asubuhi ile ya kuizindua paneli angeliona ninaloliona mimi.

Nakuuliza jambo moja, ujibu hilo tu. Ulipima?


Tarehe 10 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nafurahi kuhusu meno. Usimpe vitu vitamu sana, yako yalioza mapema na ulilia mtaa mzima ukasikia. Shangazi yako hajambo, isipokuwa goti. Amenihamishia kitanda dirishani niangalie watu wanaopita. Nimemwambia siwaoni vizuri. Amesema, "Basi wao watakuona wewe."

Umeniita Mwalimu. Nimestahili.

Umenilaumu kwa ukimya, nami naona nikueleze jinsi ukimya ule ulivyoanza, kwa sababu haukuwa wangu peke yangu. Jioni ya ajali nilimkuta baba yako kwenye korido ya hospitali, ameketi sakafuni, viatu vya mama yako viko mapajani mwake. Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mchoro ule hauna transista." Akasema, "Najua. Niliujenga." Nikamwambia, "Wakijua ni mimi, chuo kinanitoa, na nyumba ni ya chuo. Mama yetu mgonjwa yumo mle ndani. Wewe ni fundi, hukosi kazi. Mimi nikianguka, tumeanguka wote." Nesi akapita, akatuambia tusizibe njia. Tukasogea. Kisha akasema, "Kaka, sema unavyotaka. Ila mtoto asome."

Umesoma. Hilo nililitimiza.

Nilidhani ni jambo la muda, mpaka watu wasahau. Sikufikiri mama yako angemwacha baba yako. Alipobisha mlango wangu na wewe nyuma yake na furushi chini ya mkono mzima, akaniambia, "Shemeji, sina pa kwenda, siwezi kulala chumba kimoja na mtu aliyenifanyia hivi," nilipaswa kusema palepale. Nikamwambia karibu ndani.

Kuhusu mita, siku zile vifaa vilikuwa vya kugombania, na asubuhi ile siikumbuki yote. Mimi ni mzee.

Umeshamtafuta?

Ni mimi.


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Sijapata neno kutoka kwako. Labda barua imekwama. Huku hamna jipya. Shangazi yako anasema nimekonda mpaka pajama zinanivaa mimi. Ananisomea magazeti akiruka habari za vifo. Namgundua kwa jinsi anavyokohoa na kugeuza ukurasa.

Nikizinduka mchana huwa nadhani baba yako ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu, akinicheka. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinicheka sana, kwamba naogopa kuonekana sijui.

Andika, hata kama ni matusi.


Tarehe 19 Juni

Baba Mkubwa,

Nilitaka kuandika Mwalimu. Baba amekataa. Ameketi hapa nyuma yangu, amesema, "Huyo ni baba yako mkubwa, andika hivyohivyo." Kwa hiyo hilo neno limetoka kwake, usilichukue kuwa langu.

Mtoto mzima, mume wangu mzima. Sasa anajua. Hakusalimu mara hii.

Nilimpata baba nyuma ya duka la vyombo, kwenye chumba kimoja, kitanda upande huu na meza ya kazi upande ule. Redio zimepangwa ukutani mpaka juu. Alikuwa amenipa mgongo, anapuliza vumbi kwenye rimoti. Nikabisha mlango ulio wazi. Akasema bila kugeuka, "Weka mezani, njoo kesho."

"Sijaleta kitu," nikasema. "Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Akaendelea kupuliza. "Mwanangu alisema hana redio ya kutengeneza."

Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto aliyekosa kadi ya mtihani. Akaacha nilie. Alipochoka kusikiliza akanisukumia kitambaa cha kufutia lehemu, cheusi tii, akasema, "Futa na hicho, ukitoka hapo utafanana na mimi." Nikacheka, naye akacheka, na jioni tukanywa chai kwenye kikombe kimoja kwa sababu ana kikombe kimoja.

Macho yake yamefifia. Anapima kwa kusikiliza: ameifungia mita kengele ndogo. Ana picha ya mama, ya kabla ya ajali, na ameigeuza uso ukutani. Nilipoigeuza aliiacha hivyo.

Nikamwambia yote uliyoniandikia. Nilidhani nampelekea zawadi. Akatikisa kichwa. "Hayo nayajua. Mchoro ulikuwa mikononi mwangu. Niliona hauna transista, nikasema kaka anajua anachofanya, ndiye anayewafundisha wenzake." Nikamwuliza kwa nini basi alibeba lawama. Na hapa, Baba Mkubwa, ndipo nilipojua kwamba hata kwenye barua yako ya kukiri ulikata kipande.

Hukuniandikia alichokuuliza pale koridoni. Kabla hajakuambia useme unavyotaka na mtoto asome, alikuuliza kitu. Amenieleza kwa maneno haya: "Nilimwuliza, kaka, ulijua? Akaniambia, haki ya mama, sikujua. Basi nikasema, mtu aliyekosea bila kujua ni ndugu yangu, nitambebea. Angekuwa alijua, nisingembebea hata hatua moja."

Kisha umeniandikia kwamba mita zilikuwa za kugombania. Wewe! Wenzako walivaa kalamu mfukoni, wewe ulivaa mita. Mama alikuwa akikutania kwamba ukifa tukuzike nayo. Mimi ndiye niliyekuwa nikishona mfuko wa koti lako, kila mara ulichanika upande uleule kwa uzito wake.

Sasa sikiliza hali ilivyo. Baba anataka kuja kwako. Tangu nimwambie unaumwa hakai. Amefunga chumba chake cha kazi, amewarudishia watu redio zao zikiwa bado mbovu, na begi liko mlangoni. Anasema atakaa nawe mpaka mwisho, kwamba ndugu wa tumbo moja hawaagani kwa barua. Amekusamehe zamani. Hana hata habari kwamba huenda kuna jingine la kusamehe.

Nimemwomba asubiri jibu lako. Nimemwambia nangoja mshahara wa mwisho wa mwezi kwa ajili ya nauli. Nami nimemdanganya, unaona, nimejifunza nyumbani kwako.

Ukiniandikia hukujua, nitamleta mwenyewe nimemshika mkono, na sitakuuliza tena maishani. Ukiniandikia ulijua, nitamsomea, na yeye ataamua. Lakini hatapanda gari kuja kukulilia kwa uwongo. Amefanyiwa hivyo mara moja, inatosha.

Ulipima?


Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote, na kwake. Shangazi yako amenishikia karatasi isiteleze. Hajui ninachoandika, amesema macho yake hayana haja na mambo ya waya. Jana daktari hakuuliza kuhusu usingizi.

Nimekwisha kuandika "sikujua" kwenye karatasi nyingine. Ni neno fupi, na mkono wangu umelizoea. Nililitazama nikaona begi la baba yako mlangoni kwako, nikamwona anaingia hapa, anasogeza kiti, ananicheka. Sijawahi kutamani kitu kama ninavyotamani hicho. Nikaichana ile karatasi. Shangazi yako akafikiri nimechanganyikiwa.

Basi msomee hii.

Asubuhi ya kuzindua paneli, mwenye kiwanda alikuwa amealika wakubwa. Viti vilikuwa vimepangwa katikati ya mashine, na wanafunzi wangu wamekuja na mashati meupe kumwona Mwalimu Taa. Baba yako alikuwa chumba cha swichi kuu, ng'ambo ya ukuta, akingoja nimpigie kelele awashe. Alipowasha, taa ikawaka kijani na watu wakapiga makofi. Makofi yakiendelea nikafungua kifuniko, nikaugusa mguu wa chipu kwa mita, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo.

Nilipima, mwanangu. Mshale ulisimama kwenye mbili na kidogo. Sikuhitaji kufikiri. Kabla haujatulia nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu ulichokigundua mezani kwako, na dawa yake pia: transista moja, na rezista mbili. Sikuwa nazo mfukoni. Ningelazimika kugeuka na kuwaambia wale watu kwamba paneli ya Mwalimu Taa ina kosa la mwanafunzi, wazime, waende nyumbani, waje siku nyingine.

Nikajaribu breki. Ikashika. Nikajaribu tena, ikashika. Nikajiambia Jumatatu nitakuja kimyakimya na chuma changu cha kulehemu, hakuna atakayejua. Ajali ikatokea Jumamosi.

Kama ningenyamaza tu, huenda mama yako angesalimika, na hili ndilo ambalo sikumwambia baba yako, wala mama yako aliyekuwapo hakulielewa. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuingiza mkono chini ya kisu. Alikuwa na kipande cha ubao, kimechongwa na baba yako, akisogezea karatasi. Wageni walipokuwa wanaondoka alinijia akiwa ameushika ubao wake, akasema, "Shemeji, mimi mambo ya taa siyajui. Kwa kijani hiki, niendelee na ubao wangu, au?"

Mwenye kiwanda alikuwa pembeni yetu, anasikiliza. Mita ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikacheka, nikauchukua ule ubao nikautupa kwenye pipa la mabaki ya karatasi, nikamwambia, "Ikiwaka kijani, shemeji, ingiza mkono."